Linachemka Lini?

Miongoni mwa vyombo ambavyo mwanadamu amevibuni ili vimpeleke mbio, hakuna, kwa kadiri ya fikra yangu, kinachofedheheshwa na kusimama zaidi ya gari la michezo lililozeeka; kwani gari hilo limechongwa pua na kiuno ili lipasue upepo, likalazwa karibu na ardhi ili lisiyumbe, likapewa injini yenye nguvu kupita haja ya msafiri wa kawaida, na kila kilichomo ndani yake, tangu kanyagio la mafuta hadi mkunjo wa boneti, chakiri kwamba makao yake ni barabara iliyo wazi; lakini likifikwa na foleni ya saa saba mchana, lori la kokoto mbele yake na basi la abiria nyuma yake, ndipo mshale wa joto unapoanza kupanda taratibu, na mwenye gari akasahau habari zote za mbio, akabaki kukodolea macho geji ndogo isiyozidi upana wa kikombe cha kahawa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Gari hili ni hoja dhidi ya wahenga, maana huenda mbio likasalimika, likaenda pole likajikwaa.

Siri ya jambo hili si ngumu, ila yataka mtu atulie nayo. Injini ya petroli, hata iliyoundwa kwa ustadi, haigeuzi kuwa mwendo ila takriban theluthi ya joto la mafuta inayoyachoma; theluthi nyingine hutokea ekzosi ikapotelea hewani, na iliyosalia huachiwa maji yanayozizunguka silinda, nayo maji huipeleka mbele kwenye rejeta ili hewa iichukue. Gari likiwa safarini, tuseme kuanzia mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, hewa hiyo huja yenyewe bila ya kuitwa, ikapenya baina ya mapezi ya rejeta kwa wingi ambao feni haiwezi kuufikia, na hata feni ikizunguka wakati huo, huzunguka bila ya faida kubwa. Gari likisimama, upepo hukatika lakini moto haukatiki, na ile kazi iliyokuwa ikifanywa bure na mwendo huangukia mikononi mwa feni peke yake. Kwa hiyo feni si mali ya gari liendalo. Ni mali ya gari lingojalo, na aliyelinunua gari kwa ajili ya mbio ndiye aghalabu asiyekumbuka kuitazama mpaka siku atakayongoja.

Kutokana na hayo, anapoletewa gari lililochemka, fundi mwenye busara haanzi kwa kuuliza ni kitu gani kilichoharibika, bali huuliza: linachemka lini? Swali hili laonekana dogo, na wengi hulipita kwa haraka ya kushika spana, ilhali ndilo linalobeba nusu ya jawabu. Fundi hana budi kuwa kama kadhi asiyemtia mtu hatiani kabla ya kujua alikuwa wapi wakati tendo lilipotendeka. Gari likichemka katika foleni na kupoa likishika barabara kuu, feni haina udhuru, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa zamu. Na likitulia mjini kisha likachemka kwenye mlima mrefu au kwenye mwendo wa kasi, basi feni ina ushahidi wa kutokuwepo, na uchunguzi uelekee kwenye rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi, au maji yaliyopungua, au mkanda wa pampu uliolegea, au themostati inayofunguka nusu, au hosi ya chini iliyolainika kwa uzee hata ikanyonywa na pampu ikabanana kila injini inapozungushwa kwa nguvu. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, mtuhumiwa ni themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au jambo zito zaidi, nalo ni gasketi ya silinda hedi inayopitisha moshi ndani ya maji. Ama likionekana kupanda joto baada ya kuzimwa, pengine hakuna kosa lolote: maji yameacha kuzunguka, chuma bado kina moto, na moto huo hauna pa kwenda ila kwenye maji yaliyoko karibu nao.

Nachagua kufikiri juu ya Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki ililijua kwa vumbi kabla ya kulijua kwa mapambo. Lilitoka Japani mwaka 1969, lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na miaka miwili baadaye, mwaka 1971, Edgar Herrmann, ambaye siku zile alikuwa akiishi Kenya, akiwa pamoja na Hans Schüller, alishinda nalo mashindano ya magari yaitwayo Safari, na gari la pili kufika likawa la aina hiyohiyo, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Watu waliosimama kando ya njia kulitazama likipita walikumbuka kasi yake, na hiyo ni haki yao; lakini kwa mtu anayetafakari juu ya joto, ajabu ya Safari haikuwa kasi. Gari linalopanda mlima kwa gia ya kwanza ndani ya tope lina moto wa mbio na upepo wa kusimama, na juu ya hayo limebeba mbele ya rejeta yake udongo, mbegu za majani na wadudu wa usiku kucha, hata mapezi yakazibika. Gari la barabara laini hukutana na dhiki ya namna hiyo kwa nadra. Gari la Safari lilikutana nayo kila mvua iliponywesha udongo mweusi.

Na katika mashindano hayohayo limo tukio ambalo lafaa kukumbukwa na kila afanyaye kazi ya kutafuta makosa. Mwaka 1973 Mehta, akiwa na Lofty Drews katika 240Z, alimaliza akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya namna nyingine. Na kwa kuwa jumla hazikupambanua, ushindi alipewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila ya kutiwa adhabu. Wingi wa makosa ulikuwa mmoja. Kilichoamua ni lini yalipoanza. Sidai kwamba waamuzi wa siku ile walikuwa wakifikiria injini, lakini walitumia kanuni ambayo fundi angenufaika nayo: hesabu zikilingana, tazama wakati.

Feni ya 240Z haikutegemea umeme. Imefungwa kwenye pua ya pampu ya maji, huvutwa na mkanda utokao kwenye krankishafti, na baina ya mkanda na mapanga imewekwa klachi ya duara iliyojazwa mafuta mazito ya silikoni, ambayo hushika mapanga kwa unato bila ya kuyafunga kabisa. Hekima ya kuiweka klachi hiyo imo katika tabia ya upepo wenyewe: nguvu inayotakiwa kuzungusha feni haiongezeki sawa na mwendo wake, bali ukiuzidisha mwendo mara mbili, nguvu hudaiwa mara nane, hivyo feni iliyofungwa kwa skrubu bila ya klachi ingekula nguvu za injini hasa pale ambapo gari limekwisha kupata upepo wa bure na halina haja nayo. Kwa hiyo mafuta yale ya silikoni huacha feni iteleze injini inapokwenda mbio, na huishika inapokwenda polepole. Na klachi za aina ya baadaye zikaongezewa springi ya metali mbili usoni, inayopata habari ya hewa moto itokayo kwenye rejeta na kuamua yenyewe kiasi cha kushika.

Lililo la ajabu katika klachi hii ni namna inavyokufa. Yaweza kufa kwa njia mbili zilizo kinyume. Ikikaza, ikawa kitu kimoja na pampu, feni hunguruma kila dereva anapokanyaga mafuta, gari huwa zito kidogo, petroli huongezeka, na mwenye gari hukimbilia gereji akilalamika. Kumbe katika hali hiyo maji yake yanapozwa vizuri, na jambo la kuogopewa ni uzee wa mapanga na mzigo wa beringi ya pampu, si mchemko. Lakini mafuta yake yakivuja kidogokidogo kwa miaka, klachi hulegea, feni hubaki ikizunguka kwa kuburutwa tu, injini huwa kimya kuliko zamani, gari likawa jepesi kuliko zamani, na dereva akashukuru kwa ukimya huo mpaka siku ya foleni. Kwa hivyo basi, katika feni ya aina hii, kelele ni salama ya joto na ukimya ndio hatari, na mtu anayeamini kwamba kila kibovu lazima kipige kelele atapitwa na ugonjwa huu akiwa ameukalia.

Kuichunguza hakutaki chombo cha gharama. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ushike panga la feni uizungushe kwa mkono: klachi nzima itakupa ukinzani mdogo wa kunata, na ukiiachia haitakwenda mbali, iliyokufa kwa kulegea itazunguka mizunguko kadhaa kwa furaha isiyoistahili. Kisha tazama katikati ya duara lake: mistari ya mafuta yaliyoganda pamoja na vumbi, ikitawanyika kutoka kitovuni kwenda nje, ni maandishi yaliyo wazi. Kisha ulisukume panga mbele na nyuma. Ukisikia mchezo, huenda kilicholegea ni beringi ya pampu ya maji, na hapo kubadilisha feni peke yake ni kumvalisha mgonjwa nguo mpya. Na kabla ya yote hayo, tazama mkanda, kwa maana mkanda uliolegea huinyima feni na pampu kwa pamoja, na ni aibu kufungua rejeta nzima kwa sababu ya kitu ambacho kidole gumba kingekitambua kwa kukibonyeza. Hadhari moja ni wajibu kuitaja: mapanga ya umri mkubwa hupata nyufa kwenye shina, na panga lililopasuka likiruka wakati injini inazunguka kwa kasi hupenya boneti, basi mtu asisimame sambamba nalo, na asifungue kifuniko cha rejeta ya moto kwa haraka ya kutaka kujua.

Kifuniko hicho nacho kina neno katika kesi hii, hususan katika nchi zetu ambazo barabara moja hutoka baharini ikapanda milimani. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu takriban mita 1,700, yachemka kwa nyuzi 94 hivi, yakiwa wazi. Kifuniko kinachoshikilia msukumo wa kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba hukisogeza kikomo hicho hadi karibu nyuzi 118 pwani na karibu 115 Nairobi. Lakini kifuniko ambacho mpira wake umekauka na springi yake imechoka hakishikilii kitu, na gari lake litamwaga maji na mvuke hali mshale haujafika mahali pa kutisha. Mwenye gari atasema limechemka kwa sababu ya feni, kwa kuwa alikuwa katika foleni. Na feni itashtakiwa kwa kosa la kipande cha mpira. Zaidi ya hayo, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo feni ileile, kwa mizunguko ileile, husukuma hewa pungufu kwa uzito. Basi feni iliyokuwa ikijikongoja Mombasa bila ya kugundulika yaweza kukiri udhaifu wake mara tu ikipelekwa Nairobi.

Watengenezaji wa Uingereza walichukua njia nyingine. Jaguar E-Type, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwezi Machi 1961, ilikuwa na pua ndefu na mdomo mdogo ambao watu wengi wamekubali kuusifu kwa uzuri, na nyuma ya rejeta yake ikawekwa feni ya umeme, isiyofungwa na injini, inayongoja kuitwa. Mwitaji wake ni swichi ya joto iliyopachikwa kwenye tangi dogo la juu la maji, ambayo mafundi wa magari hayo huijua kwa jina la Otter, jina la watengenezaji wake wa Buxton. Maji yakifika joto lililopangwa, swichi hufunga mzunguko, na feni ikaamka. Magari ya toleo la pili, yaliyotoka mwaka 1968, yalipewa feni mbili na mdomo mpana zaidi, jambo ambalo lasema kwa adabu kile ambacho wenye magari ya kwanza walikwisha kukisema katika foleni za London na California.

Faida ya feni ya umeme ni kwamba hula nguvu pale tu inapohitajika. Hasara yake ni kwamba amri yake hupitia mikono mingi, na kila mkono waweza kuiangusha njiani. Betri, fyuzi, waya wa moto, mota, waya mwingine, swichi, na mwisho ethi, yaani bodi ya gari yenyewe. Na magari ya baadaye yakaongezewa relei katikati. Feni isipoamka, wengi huanza na swichi kwa kuwa imekuwa maarufu kwa lawama. Lakini kanuni iliyo salama ni kuanza na feni yenyewe na kurudi nyuma. Ipelekewe umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili nzuri: isipozunguka, kesi imekwisha, mota imekufa au imeng'ang'ana kwa kutu, ikizunguka, mota haina hatia, na hatua ya pili ni kuziunganisha zile waya mbili za swichi, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Feni ikiamka hapo, kosa ni la swichi au la maji yasiyoifikia. Isipoamka, kosa limejificha baina ya fyuzi na ethi, na uchunguzi ufuate waya kwa waya. Mikono iwe mbali na mapanga wakati wote, kwa kuwa katika magari mengine feni ya namna hii yaweza kuamka hata injini ikiwa imezimwa, na haimwonyi mtu.

Katika sehemu hii ya kazi yuko shahidi mmoja anayesadikiwa kupita haki yake, naye ni taa ya kupimia. Fundi huigusisha kwenye waya wa feni, taa ikawaka kwa mwanga mzuri, naye akatoa hukumu kwamba umeme unafika, kwa hiyo mota ni mbovu. Lakini taa hiyo yaridhika na umeme usiofikia nusu ampea, na feni yadai ampea kumi au zaidi. Na kiungo kilicholiwa na kutu ya kijani kwa miaka 50 chaweza kupitisha kidogo kile bila ya taabu, kisha kikashindwa kabisa kupitisha kingi hiki. Kipimo cha volti kikiwekwa hali feni imefungwa na inajaribu kuzunguka, ndipo ukweli utatokea: betri ina volti 12, na feni inapokea nane, na zile nne zimebaki njiani zikipasha moto kiungo ambacho hakuna aliyekishuku. Mara nyingi kiungo hicho ni ethi, skrubu moja iliyokazwa juu ya rangi na kutu, na dawa yake ni msasa na dakika chache. Feni nyingi nzima zimetupwa, na feni mpya zimefungwa kwenye ethi ileile mbovu, kisha watu wakashangaa kwamba vifaa vya siku hizi havidumu.

Swichi nayo ina hila yake. Imepachikwa juu, mahali ambapo maji ya moto hupita kama tangi limejaa. Lakini maji yakipungua, au hewa ikinaswa humo, swichi hubaki ikizungukwa na hewa na mvuke, ambavyo haviipi habari ya joto kwa wepesi wa maji. Basi hutokea kwamba upungufu wa maji, ambao ndio unaoleta mchemko, ndio huohuo unaomziba mdomo yule aliyewekwa kupiga mbiu. Gari la namna hii huchemka hali feni yake ni nzima, swichi yake ni nzima, na waya zake zote ni nzima. Na fundi anayepima kila kifaa peke yake atavisafisha vyote hatia, kisha asijue la kusema. Ndiyo maana kujaza maji na kutoa hewa iliyonaswa, injini ikiwa baridi, hutangulia kipimo chochote cha umeme.

Jambo la mwisho katika mlango huu ni la mwelekeo. E-Type za kwanza, zenye injini ya lita 3.8, zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, na zile za lita 4.2 zilizofuata mwaka 1964 zikafungwa upande hasi. Mota nyingi za feni zinazouzwa leo ni za sumaku ya kudumu, na mota ya namna hiyo ukiigeuzia chanya na hasi huzunguka kinyume, bila ya kulalamika na bila ya kuunguza fyuzi. Feni iliyotakiwa kuvuta hewa kutoka nje huwa sasa inaisukuma kwenda mbele. Gari likisimama, hewa moto ya injini ndiyo inayorudishwa kwenye rejeta, na likienda, feni na upepo wa njia hupigana wao kwa wao. Mtu akitazama ataona feni inazunguka na ataondoka ameridhika. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele ya rejeta kitatoa ushahidi uliokosekana: kikinyonywa kikagandama, feni yavuta, kikipeperushwa, feni yafanya kazi ya adui.

Wako pia wasio na kosa ambao lazima watetewe. Feni yaweza kuvuta kwa nguvu zote na gari likachemka vilevile katika foleni, kwa sababu kava linaloizunguka feni limetolewa na mtu aliyekuwa na haraka, hivyo mapanga yakawa yanaizungusha hewa ileile pembezoni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Au kwa sababu vipande vya mpira na sponji vilivyoziba nafasi kando ya rejeta vimeoza, hewa ikapata njia ya mkato. Au kwa sababu moto wa plagi umecheleweshwa kupita kiasi, na joto ambalo lingekuwa mwendo likageuka kuwa mzigo wa maji. Wakati mwingine hata mchemko wenyewe haupo, ila geji ndiyo inayosema uongo kwa ajili ya ethi mbovu, na mshale hupanda pale dereva anapowasha taa za mbele. Kipimajoto cha kweli kikielekezwa kwenye hosi ya juu huokoa fedha nyingi na heshima nyingi.

Yabaki kusemwa neno juu ya desturi mbili ambazo gereji zetu zimezizoea. Ya kwanza ni kutoa themostati na kuitupa, kwa dai kwamba nchi hizi ni za joto na hazina haja nayo. Ya pili ni kuifunga feni ya umeme dairekti, kama wasemavyo vijana, ili izunguke tangu ufunguo unapowashwa hadi unapozimwa. Siwahukumu wenye kufanya hivyo njiani, kwa kuwa dharura ina hukumu zake, na aliyekwama Tsavo jua likizama hawezi kuagiza swichi kutoka Ulaya. Na afanye alifanyalo, mradi afike. Lakini kilichohalalishwa na dharura hakipasi kugeuka kuwa mazoea. Injini isiyo na themostati huenda barabara kuu ikiwa baridi, mafuta yake hayafikii joto lake, uchakavu huongezeka, na petroli huteketea bure. Na feni isiyolala huchakaza mota yake na huisumbua betri. Tena lipo dhara kubwa kuliko hayo yote: gari lililotendewa hivyo hupoteza wakati. Feni yake haina tena saa ya kuamka wala ya kulala, joto lake halina tena mahali pa kutulia, na fundi atakayekuja baadaye akiuliza linachemka lini, hatapata jawabu, kwa kuwa alama zote ambazo zingelitofautisha jambo moja na jingine zimefutwa. Rekebisho la namna hiyo haliondoi kosa. Huondoa ushahidi wa kosa.

Magari haya yangali yakikimbia katika nchi zetu. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na Safari ya magari ya zamani, ambamo Datsun za namna ile na Porsche za kupozwa kwa hewa hupita tena katika vumbi la Kenya na Tanzania. Na katika hizo Porsche feni si msaidizi wa kungoja, ni pumzi yenyewe, kwani mkanda wake ukikatika, hata gari likiwa katika mwendo gani, dereva hana ruhusa ila kuzima injini papo hapo. Jambo hilo lathibitisha kanuni badala ya kuivunja: feni ya kila gari ina saa zake za wajibu, nyingine za foleni, nyingine za umri mzima, na asiyezijua saa hizo hawezi kuihukumu kwa insafu.

Basi mwenye gari kuukuu akiniomba ushauri wa kitu cha kununua kwanza, simwelekezi kwenye feni mpya, ingawa maduka yamejaa feni za kila rangi. Namwambia anunue kipimajoto na daftari. Kila mshale unapopanda, aandike ilikuwa saa ngapi, gari lilikuwa likienda au limesimama, limetoka mlimani au mjini, taa ziliwashwa au zilizimwa, na lilipoa lilipofanya nini. Fundi atakayekisoma kitabu hicho atajua, kabla ya kufungua boneti, ni mlango upi wa kubisha na ni mingapi ya kuacha; na bei ya daftari haifikii bei ya skrubu moja ya gari la namna hiyo.